Samaki wa Hitima ya Mwanne

Sefu alikuwa ameuhesabu mwezi, hakuihesabu serikali.

Huko Kaliua, kwenye ghala la tumbaku alikokuwa mlinzi, alikaa nje ya kibanda chake jioni baada ya jioni akiuangalia mwezi unavyopungua, akahesabu kwa vidole kama alivyohesabu ujanani, mpaka akaipata wiki ya giza. Watu wengine hupanga hitima kwa kufuata mshahara au mavuno. Mtu wa Ujiji hupanga kwa giza. Mwezi ukiwa mkubwa samaki hawaufuati mwanga wa taa na boti zinarudi na maji tu. Giza likiingia ziwa zima linawaka taa kama mji mwingine, na asubuhi mwalo, pale boti zinapofikia, unajaa samaki mpaka paka wanachagua. Kwa hiyo alimpigia simu shemeji yake, Hasna, akamwambia, Ijumaa ya giza, inshallah, tunamsomea dada yako hitima hapo kwenu.

"Njoo, shemeji," Hasna alisema. "Nyumba ipo."

Hakusema zaidi. Alidhani jambo linalotangazwa redioni kila siku haliwezi kumpita mtu mzima. Redio Sefu alikuwa nayo, ila aliizima tangu alipomzika mke wake, kwa sababu kila alipoifungua alimkuta kiongozi anazindua kitu.

Mwanne, mke wake, alikufa akisubiri gari la wagonjwa. Gari lilikuwepo, limeoshwa vizuri, na dereva yupo. Mafuta ndiyo hayakuwepo. Katika siku zake za mwisho hakutamani dawa wala uji. Alitamani mgebuka mbichi aliyetoka ziwani asubuhi ile ile, na ugali wa muhogo, na Kaliua mgebuka mbichi humpati hata uwe na pesa za aina gani. Sefu alizunguka soko zima akarudi na mkavu, mgumu kama kandambili. Mwanne alimwangalia yule samaki, akacheka mpaka akakohoa. "Basi nikifa," alisema, "nisomeeni hitima kwetu Ujiji, watu wale mgebuka mbichi washibe. Mimi harufu itanitosha."

Ndicho alichobakiza kumfanyia. Gari hakuweza kulijaza mafuta, mgebuka hakuweza kumletea, lakini hitima yenye samaki mbichi aliiweza. Aliomba likizo kwa tajiri wake mpaka akaona aibu, akapanda treni.

*

Treni ilimshusha Kigoma asubuhi, mwisho wa reli. Zamani ukifika hapa pua ilikuwa inatangulia kushuka. Kabla hujaliona ziwa, harufu ya dagaa ilikuwa imeshakukuta mlangoni mwa behewa, ikakushika mkono kama ndugu. Leo Sefu alisimama na begi lake akavuta pumzi, akasikia mihogo ya kukaanga na moshi wa bodaboda.

"Mwakeye, mzee," kijana wa bajaji alimsalimia kwa Kiha. "Mgeni?"

"Mgeni ni wewe," Sefu alisema. "Nipeleke Ujiji."

Njia nzima alikuwa akinyoosha shingo kuliona ziwa kila lilipotokeza kati ya nyumba. Lilikuwa lile lile, limetulia, la buluu, na milima ya Kongo ng'ambo kama mtu kaichora kwa mkaa. Alitaka kumwonyesha mtu. Aligeuka upande wake wa kushoto, upande ambao Mwanne alizoea kukaa, akakutana na begi.

Hasna alimpokea mlangoni kwa kanga mbili na kelele nyingi, kama wanavyopokeana mashemeji.

"Shikamoo, shemeji. Kaliua wanakulisha nini? Umekuwa kama mpini."

"Marahaba. Na wewe umenenepa kwa niaba yangu."

"Nimenenepa wapi? Ni hizi nguo."

Mumewe, Nuhu, alitoka chumbani akiwa amefunga msuli. Sefu na Nuhu walikuwa wameoa ndugu, ni wanyumba, na Nuhu alikuwa baharia wa boti za dagaa tangu ndevu hazijamwota. Baharia kukutwa amelala nyumbani mchana ni kawaida, lakini anakuwa na macho mekundu ya usingizi wa ziwani. Macho ya Nuhu yalikuwa meupe. Sefu aliliona hilo, lakini hakulifikiria.

Chakula kikaja. Hasna akaweka sinia, akafunua. Wali na maharage.

Sefu aliyatazama yale maharage kwa muda. Katika miaka yote aliyoijua nyumba ya wakwe zake, mgeni hakuwahi kuwekewa maharage. Hata mdeni wao aliwekewa dagaa.

"Shemeji," alisema taratibu, "kama nimekukosea, niambie kwa mdomo. Usiniambie kwa maharage."

Hasna akamtazama mumewe. Nuhu akatazama ukuta.

"Ziwa limefungwa, mwanyumba," Nuhu alisema.

"Limefungwa na nini? Lina mlango?"

"Na serikali. Miezi mitatu, samaki wazaliane. Hakuna kushusha boti."

"Hata giza?"

"Giza ndiyo wanalinda zaidi."

Sefu aliurudisha mkono uliokuwa umeshafika kwenye sinia. "Kwa nini hamkuniambia?"

"Nilidhani unajua," Hasna alisema, na sauti yake ilikuwa imepungua. "Watu wote wanajua, shemeji. Ulivyosema Ijumaa ya giza nikajua unataja siku tu."

"Watu wote wako wapi? Mimi naishi na tumbaku."

Kuahirisha hakukuwezekana. Maalim Mwinshehe alikuwa ameshaambiwa, majirani wameshaalikwa, na tajiri wa Kaliua hakuwa mtu wa kumwomba likizo mara mbili. Walikula maharage. Nuhu alijaribu kusema kwamba maharage ya mwaka huu yanaiva haraka.

*

Kesho yake Sefu alishuka mwaloni peke yake. Alitaka kuona kwa macho.

Boti zilikuwa zimevutwa juu ya mchanga, zimepinduliwa, na chini ya moja kuku alikuwa ametaga. Nyavu zilikuwa kwenye viroba vilivyofungwa kamba. Majani yalikuwa yameota mahali ambapo, kwa akili yake, jani halikuwa na nafasi ya kuota, kwa sababu pale palikuwa panakanyagwa tangu usiku mpaka usiku. Kila mwanamke alikuwa na mchanga wake pale. Haukuandikwa popote, lakini ulijulikana. Huu wa fulani, huu wa fulani, na ole wako uanike dagaa wako kwenye mchanga wa mwenzako.

Mchanga wa Mwanne ulikuwa karibu na maji, upande wa mawe. Aliufagia kila alfajiri kwa ufagio wa chelewa mpaka ukawa kama jamvi, akamwaga dagaa, akawatandaza mmoja mmoja kama mtu anayepanga shanga. Siku moja Sefu, kijana bado, baharia, anajiona, alipita akitoka kwenye boti na miguu inayochuruzika maji, akakanyaga dagaa wake. Msichana hakupiga kelele. Alimpa ufagio. "Wageuze wote," alisema, "na ukimaliza nitakuja kukagua." Mabaharia wenzake wanamcheka mpaka leo. Aliwageuza wote, jua likamchoma mgongoni, na alipomaliza yule msichana alikuja kweli kukagua, akainama, akamwonyesha mmoja ambaye hakugeuka.

Sasa alisimama pale pale. Alikuta mfuko wa nailoni na kisoda.

"Sefu wa Majid," mtu alisema nyuma yake. "Nilisikia umekuja."

Alikuwa Jeremia, waliyepiga naye makasia boti moja miaka mingi. Sasa Jeremia alikuwa mwenyekiti wa mwalo. Alikuwa amevaa koti la rangi ya kung'aa, la kuonekana mbali, na shingoni filimbi.

"Wamekupamba," Sefu alisema.

"Wamenipa koti na filimbi. Chakula sijapewa." Jeremia akakaa juu ya boti iliyopinduliwa. "Pole na Mwanne. Mwanamke yule alinifukuza hapa kwa ufagio mara ngapi."

"Nataka mgebuka wa hitima yake, Jeremia. Ndoo moja. Ijumaa."

"Usiniombe mimi hicho. Kila anayenisalimia siku hizi ananiomba kitu cha namna hiyo."

"Sisi tulikuwa na mwezi. Mwezi ukikua tunalala nyumbani, samaki wanapumzika, kila mwezi wa Mungu. Hatukuletewa filimbi."

"Samaki wamepungua, Sefu. Hilo usilikatae. Mwaka juzi tulikuwa tunakesha kwa ajili ya kitoweo tu."

"Wamepungua kwa sababu ya kina Nuhu wa mitumbwi, au kwa sababu ya matajiri wenye nyavu za kuzunguka kijiji?"

Jeremia alikuna shingo chini ya kamba ya filimbi. "Nenda kwa bwana samaki, ofisini. Yeye ndiye mwenye kalamu. Ni kijana mzuri, hatukani."

Bwana samaki aliitwa Thobias. Alikuwa ameletwa kutoka mkoa mwingine, na kweli hakutukana. Sefu alikaa kwenye benchi la nje mpaka makalio yakafa ganzi, watu waliokuja baada yake wakaingia na kutoka, na alipoitwa aliambiwa, "Karibu sana, mzee wangu," kwa upole ambao ulimuudhi kuliko tusi.

"Nimekuja kuomba ruhusa ya ndoo moja ya samaki," Sefu alisema. "Ya hitima ya mke wangu. Mtumbwi mmoja, mtu mmoja, asubuhi moja."

"Pole sana, mzee. Nikikuruhusu wewe, kesho benchi hilo litajaa wafiwa."

"Waliofiwa wapo. Hutawaumba wewe."

Thobias akatabasamu. "Maelekezo yanatoka juu, mzee wangu."

"Tangu nina akili nasikia juu. Mke wangu alipokuwa anaumwa, mafuta yalikuwa yanasubiriwa kutoka juu. Hivi huko juu kwenyewe hawafi, hawali?"

Simu ya Thobias ikalia. Alisimama kuipokea, akavuta shati likae sawa kama vile anayepiga anamwona. "Ndiyo, mheshimiwa. Vyumba vipo. Wajumbe wote wa semina tumewapanga pale ufukweni. Chakula cha asili ya huku kitakuwepo, mheshimiwa, usiwe na wasiwasi." Alipoikata alibaki amesimama kidogo, kisha akakumbuka kwamba kuna mzee mbele yake.

"Sokoni wapo wa kufugwa, mzee. Wa bwawani. Ni samaki wale wale."

Sefu alinyanyuka. Mlangoni aligeuka akataka kusema neno, akaona kijana ameshainamisha kichwa kwenye kazi zake. Neno lile alitembea nalo mpaka sokoni, akalisemea njiani peke yake, na mwanamke aliyekuwa anauza mawese akampisha.

Samaki wa bwawani walikuwa kwenye friji ya muuza soda. Walikuwa wamegandana, macho yamefanya ukungu. Sefu alimwinua mmoja na barafu yake, akamnusa, akanusa friji tu. Akafikiria wazee wa Ujiji wamekaa jamvini, wanafunua bakuli kwenye hitima ya binti wa Ujiji, wanakuta hiki. Akakirudisha.

"Hununui, basi usishikeshike," mwenye friji alisema.

*

Alasiri ya Alhamisi Nuhu alikuja na shauri lake. Hakuliita shauri. Alianza kutafuta kitu nyuma ya mlango, halafu uvunguni, halafu uani, ambako Hasna alikuwa amekaa anachambua mchele wa kesho kwenye ungo.

"Kafi langu liko wapi?" Nuhu aliuliza.

"La nini?"

"Nauliza liko wapi."

"Nimelikalia," Hasna alisema, akaendelea kuchambua.

Kweli alikuwa amelikalia. Kanga yake ilikuwa imefunika, lakini ncha ya lile kasia fupi ilitokeza upande mmoja na mpini upande wa pili, kama mtu aliyekaa juu ya ubao wa daraja. Sefu, aliyekuwa amejiegemeza ukutani, aliliona, akaona pia kwamba Nuhu ana mshipi wa ndoana umekunjwa mfukoni.

"Inuka, Hasna."

"Mchele una mawe."

"Ni kona ya pale tu, kwenye miamba. Naingia kabla ya magharibi, natoka. Migebuka wa sinia moja. Mtu kasafiri kutoka Kaliua, anakula maharage nyumbani kwangu siku ya tatu. Mimi ni baharia au ni mkulima?"

"Wewe ni baharia mwenye mke. Wakikukamata mtumbwi wa watu utachukuliwa, na wewe ndani, na mimi nitaanza kuzunguka na chakula cha mahabusu. Elikana jirani yetu alikamatwa na nini? Na wavu? Na ndoana, kama hiyo. Mpaka leo mkewe anaponda kokoto alipe faini."

"Dada yako aliomba."

"Dada yangu namjua kuliko wewe."

Nuhu akamgeukia Sefu. "Mwanyumba, sema wewe. Ni hitima yako."

Hasna aliacha kuchambua, lakini hakuinua macho. Sefu alilitamani neno moja tu, "nenda", na lilikuwa limeshakaa mdomoni. Aliwaona migebuka wakimeta chini ya mtumbwi, wembamba, fedha tupu. Aliiona hitima vile ilivyotakiwa iwe. Akamwona Hasna ameshikilia ungo kwa mikono miwili, mikono ya Mwanne kabisa, vidole vile vile vifupi.

"Kaa, mwanyumba," alisema, kwa sauti ya mtu anayerudisha kitu dukani. "Tutakula kilichopo."

Nuhu akautoa mshipi mfukoni, akautupa juu ya bati la jiko. Akaenda kukaa barazani. Hasna aliendelea kukaa juu ya kafi mpaka adhana ya magharibi, asije mtu akabadili mawazo.

*

Ijumaa asubuhi uani kulijaa wanawake na moshi. Sufuria la wali lilikuwa limeinjikwa juu ya mafiga, maharage yalikuwa yanatokota, na kisamvu cha mawese kilikuwa kinasubiri zamu yake. Wanawake walifanya kazi kwa bidii lakini bila mzaha. Kila mmoja alilijua sufuria lililokosekana, na hakuna aliyelitaja.

Honorata alipitia mlango wa nyuma. Alikuwa jirani wa ukuta mmoja, mpishi kwenye ile nyumba ya wageni ya ufukweni, na alikuwa amevaa aproni yake bado, hajalala. Alikuwa na ndoo iliyofunikwa kitenge. Aliiweka chini kwa uangalifu kama aliyebeba mtoto.

"Hasna, njoo. Na wewe baba Kaliua, njoo."

Akafunua. Harufu ikawapanda. Sefu alijikuta amefumba macho. Ilikuwa harufu ya ziwa lenyewe, ya asubuhi, ya mchanga wa mwaloni na miguu yenye maji. Alipofumbua aliona vichwa. Vichwa vya migebuka, na kati yao vichwa vichache vya kuhe, samaki wakubwa wa ziwa lile, vyote vibichi, macho maangavu, mashavu mekundu ndani.

"Wageni wa semina wamekula jana," Honorata alisema kwa sauti ya chini. "Samaki waliletwa kwa gari, sikuambiwa wametoka wapi na sikuuliza. Mkubwa wao akasema watolewe vichwa, hapendi kula anaangaliwa. Meneja akaniambia nikavitupe. Nikasema moyoni, nivitupe na hitima ya Mwanne ni leo? Sijaiba, jamani. Nimeambiwa nitupe. Ila msinitaje. Tuliambiwa wote jikoni, wale samaki hawapo."

"Hawapo vipi?" Hasna aliuliza.

"Hawapo. Hawakuwepo. Tulipika kuku."

Sefu alikuwa amesimama ameshika kiuno. "Wametufungia ziwa," alisema. "Nuhu angekwenda na ndoana moja angelala ndani. Wao wamekula, halafu mke wangu asomewe hitima kwa makombo yao."

"Shemeji," Hasna alisema.

"Mke wangu hakula makombo ya mtu. Funika, mama. Asante. Rudi nayo."

Honorata hakufunika. Alikuwa mwanamke mnene, mpole, na sasa uso wake ulikuwa umevimba kwa kukosa usingizi na kwa kitu kingine. "Makombo ni kilichoguswa, baba. Hivi hakuna aliyevigusa ila mimi. Na mimi ndiye niliyekata." Akaingiza mkono ndoani, akatoa kichwa kimoja, akakigeuza. "Angalia nilipokata."

Sefu aliangalia. Kichwa hakikuishia kwenye mashavu kama vichwa vinavyokatwa. Kisu kilikuwa kimeteremka, kikapita shingo, kikapita mapezi, kikaenda mpaka tumboni. Nyama ilikuwa nene, nyeupe, ya kushika kwa mikono miwili.

"Mkubwa alisema vichwa vitolewe," Honorata alisema. "Hakusema kichwa kinaishia wapi."

"Sasa wao walikula nini?"

"Mikia, baba. Na mchuzi mwingi. Walisema samaki wa huku ni watamu ila wadogo."

Hasna alianza kwanza. Alijifunika mdomo kwa ncha ya kanga, mabega yakamtikisika. Wanawake wa kwenye mafiga, ambao walikuwa wamesikia kila neno huku wakijifanya wanakoroga, wakafuata. Sefu alijaribu kuishikilia hasira yake, maana alikuwa ameizoea, alikuwa amelala nayo kitanda kimoja mwaka mzima. Lakini alikuwa anatazama kile kichwa chenye tumbo, na kicheko kikamtoka puani kwa nguvu mpaka akajifuta kwa mkono.

"Pokea ndoo ya watu, Hasna," alisema. "Mawese yasipungue."

*

Baada ya sala ya Ijumaa jamvi lilijaa hadi barazani. Maalim Mwinshehe alisoma, watu wakaitikia, na katikati ya kisomo harufu ikatoka uani, ikapita mlangoni, ikaingia. Hakuna aliyegeuka. Mabaharia waliokaa nyuma, wale ambao hawakuwa wamegusa kitu kibichi tangu ziwa lifungwe, walitazamana kwa pembe za macho. Maalim mwenyewe alimeza mate mahali pasipo na kituo, na dua ya mwisho, ambayo kwa kawaida yake huzunguka mpaka kwa mababu wa mababu, siku ile ilifika haraka.

Sinia zikaja. Kwa wanawake chumbani, kwa wanaume jamvini. Bakuli la mchuzi mwekundu katikati, na vichwa vimelala ndani yake, macho wazi.

Jeremia alikuwa amealikwa, na alikuja, kwa heshima ya Mwanne, akakaa sinia moja na Sefu na Nuhu. Koti lake la kung'aa alikuwa amelikunja akaliweka chini ya paja, lakini filimbi alisahau kuivua. Alitia kijiko kwenye mchuzi, akaonja. Akakiweka kijiko.

"Huyu mbichi," alisema.

Hakusema kwa nguvu, lakini jamvi zima lilisikia. Mikono ikasimama juu ya sinia.

"Sefu. Hawa samaki wametoka wapi?"

"Ziwani," Sefu alisema.

"Ziwani najua. Nani kawavua?" Jeremia alimtazama Nuhu, na Nuhu akatazama mikono yake. "Msinifanye mtoto. Mimi nimevaa hiki kitu," akagusa filimbi. "Jioni naulizwa. Niambieni nani kavua, nijue nasemaje."

Sefu aliinua kichwa. Mbele yake walikuwa wamekaa watu wa Ujiji waliokuwa wakila maharage kwa amri, na yeye alikuwa ameshika mdomoni maneno mazuri kuliko yote aliyopata kuyasema katika maisha yake. Angesema sentensi moja tu, kina nani wamekula na wapi na lini, na kufikia alasiri mji mzima ungekuwa unacheka, kuanzia Kasingirima hadi stesheni. Wangecheka mpaka ofisini kwa Thobias. Mwaka mzima alikuwa akiwatafuta wale wa juu, na sasa walikuwa kwenye bakuli, amewashika vichwa. Na Honorata angekuwa hana kazi kabla ya giza. Alikuwa hapo hapo, nyuma ya pazia la chumbani, anasaidia kupakua. Sefu aliiona miguu yake chini ya pazia. Haikuwa inasogea.

"Sijui nani kavua," alisema. "Wallahi Jeremia, hilo sijui. Mwanne aliwaomba, wakaja."

Jeremia alimwangalia sana. Halafu aliliangalia bakuli. Akachukua kijiko, akageuza kichwa kimoja, akageuza cha pili, akatafuta chini ya mchuzi, kama mtu anayetafuta kilichoangukia humo. Hakupata mkia hata mmoja. Akafikiri. Watu waliona anavyofikiri, kwa sababu macho yake yalitoka kwenye bakuli yakaenda dirishani, upande wa nyumba ya wageni ya ufukweni, yakarudi.

"Vichwa vitupu," alisema.

"Vitupu," Sefu alikubali.

Jeremia alivua filimbi shingoni, akaikunja kamba yake, akaitia mfukoni.

"Nisogezee pilipili," alisema.

Mikono ikashuka. Kwa muda kulikuwa na sauti ya watu kula tu, kufyonza na kutema mifupa. Kisha chumbani, bibi mmoja aitwaye Nasma, aliyekuwa na mchanga wake karibu na mchanga wa Mwanne, alianza kusimulia kwa sauti kubwa jinsi marehemu alivyomfukuza mnunuzi wa kutoka Bujumbura mpaka akaingia majini na viatu, na wanawake wakamsahihisha, si viatu, ni kanzu, na mmoja akasema hakuwa wa Bujumbura hata kidogo, wakabishana juu ya Mwanne kama vile yuko sokoni atarudi sasa hivi awaamue.

Sefu alikuwa amekaa anasikiliza. Nuhu akamchagulia kichwa kinene, akakiweka upande wake wa sinia. Sefu akakishika kwa mikono miwili. Alikila polepole, mfupa kwa mfupa, mawese yakimtiririka hadi kwenye kiwiko, na mpaka jamvi linakunjwa hakumtaja mkubwa yeyote.